Kisu Butu Kipelekwe Wapi? Njia za Kunoa Visu vya Jikoni Grande Barrière

Kila jiko lina jibu lake kwa swali moja: kisu kikiacha kupata, tukifanye nini? Karibu na Grande Barrière, pale Gisenyi inapopakana na Goma kando ya Ziwa Kivu, majibu ni mengi. Mama mmoja hukiburuza kisu kwenye ngazi ya saruji nyuma ya nyumba. Jirani yake hupindua kikombe na kukipitisha kwenye kitako chake. Mwenye mkahawa humngoja fundi wa baiskeli apite, na asipopita humtuma kijana kwa mchomeleaji mwenye grenda. Wengine hukitupa kisu na kununua kingine sokoni.

Uchambuzi huu unazipima njia hizo kwa vipimo vinne: kisu kinabakiwa na uhai kiasi gani baada ya kunolewa, makali yanadumu muda gani, gharama ikoje, na nani anahatarishwa. Msimamo wangu nautaja mapema. Visu vingi vinavyouzwa katika masoko ya mpakani ni vya chuma laini na vya bei nafuu, na kisu cha namna hiyo hufaidika na mkono wa mara kwa mara nyumbani kuliko mashine ya mara moja kwa mwaka. Fundi bado ana nafasi, tena kubwa, lakini tunampelekea kazi isiyo yake na kumnyima ile anayoiweza kuliko sisi.

Mahali na mzigo wa kisu

Grande Barrière, ambayo upande wa Rwanda hujulikana pia kwa jina la La Corniche, ndiyo kivuko cha magari kati ya wilaya ya Rubavu na mji wa Goma. Wachuuzi wengi wa miguu, na vikapu vyao, hupitia Petite Barrière, mbali kidogo na ziwa. Kwenye kivuko cha magari kuna madereva, wasafiri, watu wa forodha na wageni wa hoteli za ufukweni, na wote hao wanakula. Majiko yanayowalisha hukata nyama ya mbuzi ya mishikaki, tilapia, kabichi, karoti, vitunguu, lengalenga, ndizi za kupika na viazi kwa magunia. Sambaza pekee hukipunguzia kisu kazi, kwa kuwa samaki hao wadogo, walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaangwa wazima.

Viazi vinastahili kutazamwa peke yake. Vya huku hulimwa kwenye udongo wa volkano wa miteremko ya Virunga, na udongo huo hung'ang'ania ganda. Ndani yake mna chembe za mwamba ambazo ugumu wake unakaribia ugumu wa chuma cha kisu. Mpishi anayemenya kiazi kichafu anapitisha makali kwenye mchanga mara mamia kwa siku. Kuosha viazi kabla ya kumenya ni hatua ya kwanza ya kutunza makali, na haigharimu chochote zaidi ya maji.

Visu vyenyewe ni vya aina tatu. Vilivyo vingi ni vile vyembamba visivyoshika kutu, vyenye mpini wa plastiki, vinavyotoka viwanda vya Asia kwa njia ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Aina ya pili ni visu vya wahunzi, vinavyofuliwa kutokana na spring za magari chakavu. Hivyo vimetengenezwa kwa feleji ya kaboni: vinashika kutu usipovikausha, lakini vinakubali kinoo haraka. Ya tatu ni visu vya majiko ya hoteli, kama vya Solingen nchini Ujerumani, vya Thiers nchini Ufaransa, au vya Tramontina ya Brazili.

Tofauti yao kubwa ni ugumu. Katika kipimo cha Rockwell, kisu cha bei nafuu huwa kati ya 52 na 55, cha Kijerumani cha kawaida karibu 56 hadi 58, na cha Kijapani 60 na kuzidi. Namba hizo zina maana jikoni. Chuma kigumu hushika makali muda mrefu, ila kikigonga mfupa humeguka. Chuma laini hupoteza makali upesi, lakini mara nyingi hakimeguki, hupinda tu. Na kilichopinda kinaweza kunyooshwa.

Makali hupotea kwa njia tatu

Kisu butu ni mgonjwa, na kabla ya kumpeleka mgonjwa kwa tabibu ni vizuri ujue anaumwa nini. Makali mazuri ni ukingo ambao unene wake ni chini ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Ukingo mwembamba kiasi hicho huharibika kwa namna tatu, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni kupinda. Ukingo hulala upande mmoja baada ya kugonga ubao au sahani. Chuma bado kipo chote, ila hakielekei chini. Kisu kilichokata vizuri asubuhi na kugoma jioni kina shida hii, na tiba yake ni kunyoosha. Hakuna haja ya kukisaga.

Ya pili ni kulika. Ukingo umepungua na kuwa mviringo. Ukiutazama chini ya taa utaona mstari unaometa, kwa sababu ukingo mviringo hurudisha mwanga, ilhali makali ya kweli hayaonekani. Limau na nyanya huchangia pia kwa tindikali yake, hasa kwenye visu vya wahunzi visipofutwa. Hapa ndipo kinoo kinapohitajika, kwani lazima chuma kidogo kiondolewe ili pande mbili za kisu zikutane upya.

Ya tatu ni mapengo. Kisu kimekatia mfupa wa mbuzi, kimefungulia kopo, au kimeanguka sakafuni, na sasa ukingo una mapengo au ncha imevunjika. Kwa kinoo cha mkono kazi hii huchukua saa nyingi. Hii ndiyo kazi ya fundi mwenye jiwe la kuzunguka.

Kosa kubwa la majiko yetu ni kutibu magonjwa yote matatu kwa dawa ya tatu. Kisu kilichopinda tu kinapelekwa kwenye jiwe la mashine, linalokila milimita nzima ambayo haikuwa na hatia. Ndiyo maana visu vingi vya mikahawa hugeuka vijiti vyembamba kabla ya umri wake.

Njia za nyumbani, kuanzia duni hadi bora

Ngazi ya saruji na jiwe la uwanjani ndizo njia zilizoenea kuliko zote, kwa kuwa ni bure. Goma na viunga vyake zimejengwa juu ya mawe ya volkano. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na mwingine ukafuata tarehe 22 Mei 2021. Mawe hayo yamekuwa kuta, nyua na, nyuma ya nyumba nyingi, vinoo. Lakini jiwe hilo limejaa vitundu na chembe zisizolingana. Linararua ukingo na kuuacha na meno, jambo linaloleta udanganyifu: kisu kinaonekana kukata nyanya kwa saa moja, kisha kinarudi palepale. Saruji hufanya vivyo hivyo, kwa mchanga uliomo ndani yake. Kwa jembe na panga la shambani njia hizi zinatosha. Kwa kisu cha jikoni ni suluhisho la dharura.

Kitako cha kikombe au sahani ya udongo mweupe kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Ile duara isiyopakwa rangi ya kung'aa chini ya kikombe ni ngumu kuliko chuma cha kisu, na chembe zake ni laini na zinalingana. Ukipitisha kisu mara tano au sita kila upande, kwa mkono mwepesi, utaunyoosha ukingo uliopinda na kuusugua kidogo. Haikiponyi kisu kilicholika sana, lakini kwa huduma ya kila siku ya kisu cha chuma laini hakuna njia ya bure inayoizidi. Weka kitambaa kibichi chini ya kikombe kisiteleze, na kagua kitako kwanza kwa kidole: kikiwa na ufa, tafuta kingine.

Fimbo ya chuma ya kunyooshea, ile ambayo wauza nyama huipitishia kisu kabla ya kukata, hufanya kazi hiyohiyo kwa urahisi zaidi. Watu wengi hudhani inanoa, kumbe kazi yake kubwa ni kunyoosha. Isimamishe wima juu ya ubao, ncha ikiwa chini, kisha shusha kisu upande huu na upande ule kwa pembe ileile. Kuvipigisha viwili hivyo hewani kwa kasi hufurahisha macho ya wateja na kuharibu ukingo.

Vifaa vidogo vya kuvuta, vyenye vipande viwili vigumu vilivyopishana, vinauzwa madukani kwa bei inayovutia. Havihitaji ujuzi, na hiyo ndiyo sifa yake pekee. Vipande hivyo vinang'oa chuma badala ya kukisugua, vinaacha ukingo wenye mikwaruzo, na pembe yake haibadiliki hata kama kisu chako kinataka nyingine. Anayevitumia kila siku atakila kisu chake kwa miezi. Kama hakuna njia nyingine ndani ya nyumba, vitumie mara chache na bila kukandamiza.

Tupa ina mahali pake, napo ni shambani. Ndiyo inayofaa panga, jembe na shoka, na mafundi wa Goma wanaotengeneza chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, na kuchonga magurudumu yake wanajua thamani yake kwenye zana zao. Hukata inaposukumwa mbele tu; kuirudisha nyuma huku umeikandamiza kunaiua yenyewe. Kwa kisu chembamba cha jikoni inachukua chuma kingi mno.

Kilicho bora kuliko hivi vyote ni jiwe la kunolea la kiwandani lenye nyuso mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Chembe zake huwa za oksidi ya alumini au za kaborandamu, kitu alichokigundua Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 alipokuwa akifanya majaribio kwa tanuru la umeme. Zote mbili ni ngumu mara nyingi kuliko chuma chochote cha jikoni. Uso wa namba 400 hivi unarudisha ukingo uliolika, na wa namba 1000 unaumalizia. Anayetaka makali ya kukatia samaki mbichi ataongeza 3000 au zaidi, lakini kwa kabichi, nyama na viazi 1000 inatosha kabisa. Ukingo laini kupita kiasi huteleza juu ya ganda la nyanya.

Jiwe la namna hiyo lina faida nyingine: hudumu miaka. Hununuliwa mara moja na kuhudumia nyumba nzima, jikoni kwa mama, kwenye banda la bibi anayekata ndizi, na kwa jirani anayekuja kuazima.

Namna ya kunoa kwa jiwe

Watu wengi hushindwa kwa sababu ya pembe, kwa hiyo tuanze hapo. Kisu cha kawaida cha jikoni kinataka digrii kati ya 15 na 20 kila upande. Huhitaji kipimo. Chukua karatasi yenye kona ya mraba, ambayo ni digrii 90. Kunja kona hiyo katikati upate 45, kunja tena upate 22 na nusu. Pembe yako iwe chini kidogo ya hiyo. Njia nyingine ni kutazama mgongo wa kisu: kama bapa lina upana wa sentimita 4.5, ukiinua mgongo sentimita moja na nusu juu ya jiwe umepata digrii 20.

Lowesha jiwe kwa maji. Mengine yanataka kulowekwa dakika kumi. Lilaze juu ya kitambaa kibichi. Anza na uso wa kukwaruza. Sukuma kisu kutoka kwenye kitako cha bapa hadi ncha kwa mwendo mmoja, ukibonyeza kwa wastani, bila kubadilisha pembe. Rudia upande huohuo hadi upande wa pili utokeze mkunjo mwembamba wa chuma unaousikia kwa kidole ukikipitisha kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa ukingo. Mkunjo huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye ukingo wenyewe. Usipoupata kuanzia kitako hadi ncha, hujamaliza, hata kama mikono imechoka.

Geuza, fanya upande wa pili hadi mkunjo uhamie. Kisha nenda uso laini, rudia kwa mkono mwepesi zaidi, ukipishanisha pande mara moja moja mwishoni. Mkunjo uliobaki uondoe kwa kuburuza kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, kipande cha katoni au suruali kuukuu ya jinzi iliyotandikwa juu ya ubao. Hatua hii ya mwisho huachwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha makali yanayodumu wiki na yale yanayodumu siku. Mkunjo usipoondolewa, huvunjika kwenye kitunguu cha kwanza na kukiacha kisu butu.

Jaribio la kweli ni nyanya iliyoiva: makali yazame kwa uzito wa kisu wenyewe. Karatasi iliyoshikwa hewani nayo hufaa. Kidole gumba hakifai.

Kisu cha mkate chenye meno kina sheria yake. Upande mmoja ni bapa, mwingine una vibonde. Noa vibonde tu, kimoja kimoja, kwa kifimbo chembamba au msasa uliozungushiwa penseli. Usikubali yeyote akipitishe kwenye jiwe la kuzunguka, kwa sababu meno hayarudi.

Fundi wa baiskeli na mchomeleaji

Fundi wa kunoa anayezunguka mitaani ni mtu wa miji yote ya Afrika Mashariki, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi Kigali na Goma. Chombo chake ni ubunifu unaostahili sifa. Baiskeli inasimamishwa juu ya stendi hadi gurudumu la nyuma lielee. Mkanda wa mpira hupeleka mzunguko kwenye cherehe, yaani jiwe dogo la kuzunguka, iliyofungwa mbele ya kiti, na fundi anakanyaga huku mikono ikiwa huru kushika kisu. Hahitaji umeme, hahitaji kibanda, na anakuja mlangoni.

Kinachompa ubora zaidi ni miguu yake. Mwendo wa cherehe yake unaongozwa na kanyagio, kwa hiyo anaweza kuupunguza anapofika kwenye ncha nyembamba ambako chuma hupata moto haraka. Joto ndilo adui mkubwa wa kunoa kwa jiwe la kuzunguka. Kisu kimefanywa kigumu kiwandani kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kisha kupashwa moto tena kwa kiasi kilichopimwa. Kwa feleji nyingi za kaboni joto hilo la pili huwa karibu na digrii 200. Ukingo ukizidi joto hilo kwenye cherehe, ugumu unapotea. Dalili yake ni rangi: manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau na buluu. Ukiona kisu cha mhunzi kimerudi na ukingo wa buluu, sehemu hiyo imekufa. Itanolewa leo na kuwa butu kesho, hadi chuma chote kilichoungua kiondolewe. Visu visivyoshika kutu huchelewa kuonyesha rangi, kwa hiyo kutoiona si hakika ya usalama.

Mchomeleaji mwenye grenda ya umeme anazungusha diski yake maelfu ya mara kwa dakika, na diski hiyo imetengenezwa kukatia nondo na kulainishia mageti. Kisu chembamba kikiigusa, ukingo huungua kwa sekunde chache. Zaidi ya hapo, kisu kinaweza kunaswa na kurushwa. Kwa kisu cha jikoni, hii ndiyo njia mbaya kuliko zote, na bei yake nafuu haiifanyi kuwa rahisi. Kwa shoka na sululu, sawa. Kwa kisu, hapana.

Basi fundi wa baiskeli apewe nini? Apewe visu vyenye mapengo, vilivyovunjika ncha, vilivyolika hadi ukingo umekuwa mnene, na mikasi. Na aombwe mambo matatu. La kwanza, maji: kikopo kando yake, achovye kisu kila baada ya kukipitisha mara moja au mbili. La pili, mkono mwepesi, kisu kitembee kutoka kitako hadi ncha bila kusimama mahali pamoja. Kusimama ndiko kunakochimba lile bonde karibu na mpini ambalo huzuia kisu kugusa ubao. La tatu, amalizie kwa jiwe la mkono, kwani cherehe huacha mkunjo mnene. Hakuna haja ya ubishi. Sema tu, "Fundi, nakuomba uniwekee maji, kisu changu kisiungue," naye atakayekujibu, "Hakuna shida, mama," na kuchota maji, ndiye wa kumhifadhi. Mlipe vizuri, kwa sababu umemwomba kazi ya muda mrefu zaidi.

Afya yake nayo ni haki kuizungumza. Historia ya ufundi huu imejaa maumivu. Huko Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, wanoaji waliosaga bila maji kwenye magurudumu ya mawe ya mchanga walikufa vijana, mapafu yakiwa yamejaa vumbi. Huko Thiers, wanoaji wa kando ya mto Durolle walifanya kazi wamelala kifudifudi juu ya mbao, mbwa wao wakiwalalia miguuni kuwapa joto. Mawe ya leo ya kiwandani hayana hatari ileile ya mchanga, lakini vumbi la chuma na chembe zinazoruka bado zipo. Fundi asiye na miwani anahatarisha macho yake kwa kila kisu. Watoto wanaopenda kutazama cheche wasimame nyuma yake, si mbele ya cherehe.

Mikahawa: mfumo wa kubadilishana

Nyumba inaweza kumngoja fundi. Mkahawa wenye wateja mchana kutwa hauwezi, na hapo ndipo ninaona nafasi ambayo haijatumika mpakani.

Bonde la Rendena, kaskazini mwa Italia, lilitoa wanoaji waliozunguka Ulaya na gurudumu lao, na mji wa Pinzolo una sanamu ya kuwaenzi. Wengi walihamia London na New York, na huko familia zao zikabuni utaratibu mpya. Badala ya kunoa mlangoni, wanamiliki visu wenyewe. Kila wiki hupeleka kwenye mkahawa seti iliyonolewa na kuchukua ile butu. Mkahawa hulipa ada ya kawaida, haununui visu, na haukosi makali hata siku moja. Fundi naye ananoa kwenye karakana yake kwa utulivu, kwa maji, bila mteja kumharakisha.

Utaratibu huu unaifaa Gisenyi na Goma kwa sababu za wazi. Mikahawa na hoteli za ufukweni ziko karibukaribu. Visu vya aina moja, vya bei nafuu, vinatosha kwa wote. Mafundi wawili au watatu wakishirikiana kila upande wa mpaka wanaweza kuwa na mapato yanayotabirika badala ya kutegemea bahati ya mtaa. Nasema kila upande kwa makusudi: saa za kufungua mpaka zimebadilika mara nyingi, ulifungwa wakati wa korona mwaka 2020, na vita vya Kivu vimeutikisa tena na tena. Huduma ya kila wiki isiyotegemea kuvuka ndiyo itakayodumu.

Kubeba kisu njiani

Jambo hili halisemwi mara nyingi, lakini hapa lazima lisemwe. Panga lilikuwa miongoni mwa silaha za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na katikati ya Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya watu walivuka hapa kuingia Goma kwa siku chache. Kuna watu wanaopita barabara hiyo leo ambao mwili wao unakumbuka. Kumtuma mtoto barabarani na visu vitano wazi mkononi, kwenda kwa fundi, ni kuwakosea watu hao, na ni hatari kwa mtoto mwenyewe. Kisu kifungwe kwa katoni na kitambaa, kiwekwe ndani ya kikapu, na kibebwe na mtu mzima. Asiye na sababu ya kuvuka nacho asivuke nacho. Ahudumiwe upande wake.

Hukumu

Kwa nyumba ya kawaida: kitako cha kikombe au fimbo ya chuma kila siku kabla ya kupika, jiwe lenye nyuso mbili mara moja kwa mwezi au nyanya inapoanza kukataa, na fundi wa baiskeli mara moja au mbili kwa mwaka, kisu kinapopata mapengo. Ukatie juu ya ubao wa mti au plastiki, usikatie juu ya sahani wala kaunta ya mawe. Mfupa uachie panga au shoka. Kisu kioshwe kwa mkono, kikaushwe, kisilale ndani ya beseni la vyombo ambako kitamkata anayeosha.

Kwa mkahawa: fimbo ya chuma kwa kila mpishi, jiwe moja kwa jiko zima, na makubaliano na fundi mmoja anayefahamika, ikiwezekana kwa utaratibu wa kubadilishana seti.

Kuhusu kununua kisu kipya kila kinapokuwa butu: ni njia ghali inayojificha nyuma ya bei ndogo. Kisu kipya cha sokoni mara nyingi hufika na makali ya wastani tu, na baada ya wiki mwenyewe utarudi ulipokuwa. Anayejua kunoa hutoa makali bora kutoka kisu cha zamani kuliko yale ya dukani.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Makali hayo hayauzwi pamoja na kisu. Kabla ya kununua kisu kingine, nunua jiwe. Jifunze pembe kwa mchana mmoja, mfundishe na mtoto aliyekua kutosha, na fundi akipita na baiskeli yake, mwite, mwekee kikopo cha maji, na umpe kazi inayostahili ufundi wake.